Ndege imefika Mwanza, mvua imefunga, mafuta yanapungua: mnara wa kuongozea ndege unafanya nini?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: ndege ya asubuhi ikikuta mvua imefunga Mwanza inazunguka juu ya ziwa mpaka lini, na je, rubani akisema "mafuta yamebaki kidogo" anatangulizwa kutua? Naanza na la pili, maana hapo ndipo roho za watu zimepotea.

Kwa maneno hayo, hatangulizwi. Redioni kuna kauli mbili rasmi na uzito wake haulingani. "MINIMUM FUEL" maana yake rubani hana tena kiwanja kingine cha kuchagua, na akicheleweshwa zaidi ya alivyoambiwa anaweza kutua akiwa ameshaanza kula akiba ya mwisho. Hiyo bado si dharura. Mwongoza ndege anamtajia dakika za kusubiri, au anamwambia hakuna kusubiri, kisha anaufikisha ujumbe huo kwa kituo kitakachompokea. "MAYDAY MAYDAY MAYDAY FUEL" ni jambo jingine: hesabu inaonyesha kwamba hata akienda kiwanja salama kilicho karibu kuliko vyote, atatua akiba ikiwa pungufu. Hapo ndege nyingine zinasogezwa, njia inafupishwa, zimamoto wanajipanga.

Akiba yenyewe ni dakika 30 za kuzunguka futi 1,500 juu ya kiwanja kwa ndege za turbini (jeti, na za propela kama ATR), na dakika 45 kwa za pistoni, yaani ndogo zenye injini mfano wa ya gari. Kwa Airbus A320 ni takriban kilo 1,100 hadi 1,200. Ukiwa mnarani uliza mafuta yaliyobaki kwa dakika, usiulize kilo. Kilo hizohizo kwenye ATR ni muda mrefu, kwenye Boeing ni mfupi.

Tarehe 25 Januari 1990 Boeing 707 ya Avianca, shirika la ndege la Kolombia, ilianguka karibu na New York baada ya kuzungushwa muda mrefu, watu 73 wakafa. Marubani walitaja mafuta, wakaomba kipaumbele, lakini hawakutangaza dharura. Waongoza ndege wakaendelea kuihudumia kama nyingine yoyote.

Sasa kuzunguka. Ziwa letu hupika radi zake usiku hadi asubuhi, na mchana mvua inahamia nchi kavu. Rubani anajua kikomo chake: mafuta ya kumfikisha kiwanja mbadala pamoja na zile dakika 30. Akikifikia anaondoka, na uamuzi ni wake, si wa mnara. Anachohitaji kwako ni saa ya kweli ya kuanza kushuka. Ukimwambia "dakika tano" mara nne mfululizo, umemlia dakika 20 ambazo angekuwa ameshaondoka nazo.

Kuhusu pa kwenda, Bukoba ni karibu lakini njia yake ya kurukia ni fupi, ATR inatosha, Airbus na Boeing hapana. Entebbe ni kama kilomita 280, Kilimanjaro kama 470. Entebbe ni nchi nyingine, na abiria wengi wa safari za ndani hawana pasipoti mkononi, jambo linalozingatiwa pale tu mafuta yanaporuhusu kuchagua. Kwenye MAYDAY hakuna anayeuliza pasipoti.

Rubani akishataja anakokwenda, mpe hali ya hewa ya huko iliyo mpya, chukua idadi ya watu waliomo na muda wa mafuta, kisha pigia kituo cha huko kabla ndege haijafika: njia iko wazi, zimamoto wanatosha kwa ndege ya ukubwa huo, maegesho yapo, mafuta ya kuuza yapo? Swali la maegesho ndilo husahaulika. Mwanza ina njia moja tu ya kurukia. Ndege moja ikipasuka tairi katikati yake, zote zilizo angani zinaelekea kwenye mbadala uleule kwa pamoja, na ya tatu inaweza kukuta eproni, yaani eneo la maegesho, imejaa ikiwa haina tena mafuta ya kwenda kwingine.