Kesi ikiondolewa, nani amwambie mama wa binti?

Mmetuuliza wiki hii kama tunazijua huduma za ofisi ya mashtaka ya wilaya, na kama tunaridhika nazo. Huduma zenyewe nitazipitia haraka. Mawakili wa Serikali wa ofisi hiyo wanapitia jalada la polisi na kuamua kama kuna kesi au hakuna. Wanaandaa hati ya mashtaka, wanaongoza mashahidi mahakamani, na hukumu isiporidhisha wanakata rufaa. Ukiona jalada lako limelala kituoni, unaweza kwenda kwao kulalamika bila kulipa hata senti. Tangu Februari 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inajitegemea, haimo tena ndani ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na kadiri ofisi za wilaya zinavyofunguliwa yule askari polisi tuliyezoea kumwona akiendesha mashtaka anaondoka, nafasi yake inachukuliwa na wakili.

Kinachoniuma mimi ni kitu kingine. Ofisi hiyo ikiamua kuiacha kesi, inamwambia nani?

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Wilaya sitaitaja, kwa heshima ya binti. Miaka michache iliyopita alikuwa kidato cha pili alipogundulika ana ujauzito, na aliyetajwa ni mnunuzi wa mazao, mtu mzima mwenye familia yake. Baada ya marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Watu hudhani tumbo lenyewe ni ushahidi tosha, lakini Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inatakiwa ithibitishe kwamba huyu ni mwanafunzi, na kwenye shtaka la ubakaji ithibitishe umri wake. Kesi nyingi za namna hii huangukia kwenye umri. Ndiyo maana niliitwa niende na kitabu cha uandikishaji na rejesta ya mahudhurio.

Siku ya kesi tulikaa kwenye benchi la koridoni, binti, mama yake na mimi, na kwenye benchi hilo hilo wamekaa ndugu za mshtakiwa. Hakukuwa na chumba cha mashahidi. Mmoja wa wale ndugu alitoka, akarudi na soda, akampa binti. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, kwa adabu ile ile tunayowafundisha shuleni. Nilitamani kumnyang'anya lakini sikujua nitasema nini mbele za watu.

Wakili wa Serikali alikuwa dada mdogo tu kwa umri. Alipotokea na majalada kifuani, kitu cha kwanza alichokiona ni ile chupa.

"Shikamoo mama. Huyu aliyemnunulia soda ni nani wenu?"

"Marahaba mwanangu. Ni watu wa huko huko kwetu."

Hakusema zaidi. Akatuchukua hadi nyuma ya jengo, penye magari, maana ofisi yao ni chumba kimoja chenye meza zilizobanana na watu wameshajaa humo. Akafungua kitabu changu cha uandikishaji juu ya boneti ya gari. Akapitisha kidole kwenye mistari, akasimama. Jina la tatu la binti kwenye kitabu ni la babu yake, na kwenye hati ya mashtaka polisi wameandika la baba mlezi. Alinieleza kwamba tofauti kama hiyo wakili wa upande wa pili akiikuta, ataulizia binti yupi hasa anayezungumziwa. Akaomba mahakama imruhusu kubadilisha hati, akaruhusiwa, na kesi ikaahirishwa.

Binti hakuonekana tena mahakamani. Baba yake mkubwa alimchukua akampeleka kwa ndugu mkoa mwingine, na mama mtu hakuambiwa ni wapi. Samansi zilipelekwa kwa mtendaji wa kijiji zikarudi na maelezo kwamba amehama. Kisha kimya. Tulikuja kumwona yule bwana mnadani, anapima mbaazi, watu wanamsalimia. Mama alinifuata shuleni akaniuliza, "Mwalimu, kesi imeisha?" Nilikwenda kuuliza, nikajibiwa dirishani kwamba shauri liliondolewa. Hilo tu.

Nilianza kuandika barua hii nikiwa na hasira, niseme kwamba ofisi ile haina faida kwetu. Sasa siwezi kuandika hivyo. Mashtaka yakiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anaachiwa, lakini sheria haizuii kumshtaki upya kwa mambo yale yale. Kama yule dada angeendelea na mimi na rejesta yangu, pamoja na daktari na PF3 yake, ile fomu ya polisi anayoijaza akimpima mwathirika, bila binti, na kabla mtoto hajazaliwa ili vinasaba vipimwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mahakama ingemwachia huru moja kwa moja na mlango ungefungwa. Katiba, Ibara ya 59B, inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie kutenda haki, kuzuia taratibu za haki zisitumike vibaya, na maslahi ya umma. Kuiondoa kesi ile kulikuwa sahihi. Na niongeze: yule dada alinipigia kwa simu yake mwenyewe kumuulizia binti kabla ya kufikia hapo. Aliyemficha mtoto hakuwa wakili. Alikuwa wa ukoo wake. Huku kwetu tunamalizana nyumbani, fedha zinapita chini ya mkeka, halafu tunatangaza vilabuni kwamba Serikali imekula rushwa.

Lakini namba ya simu ya mama yake imo kwenye jalada. Ibara ya 107A inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine, na mtu ataombaje fidia kwenye kesi ambayo hajui kwamba haipo tena? Ninachodai ni barua moja ya ukurasa mmoja. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo lugha si kisingizio. Imwambie mlalamikaji kwamba shauri limeondolewa, kwa sababu hii, linaweza kufunguliwa tena, na akipata shahidi aende kwa nani.

Kwa hiyo mkiniuliza kama naridhika, nasema naridhika na kazi ya yule wakili, kwa masharti hayo. Nazungumzia kesi moja na wakili mmoja. Kuna wenzangu walimu wana habari tofauti kabisa, na sitawabishia.

Binti alirudi kwa mama yake mwaka jana akiwa na mtoto, na amerudi darasani, jambo linaloruhusiwa tangu Novemba 2021. Vinasaba sasa vinaweza kupimwa. Nimemsaidia mama kuandika barua kwa Mkurugenzi wa Mashtaka kupitia ofisi ya mkoa, yenye namba ya kesi ya zamani, kuomba jalada lipitiwe upya. Bado hajaiweka sahihi. Anasema anataka kwanza azungumze na binti mwenyewe, na hapo simlazimishi.