Vidole vyeupe kwenye baridi, ngozi ngumu: dada yako apime na presha

Mkuu, umesema vidole vya dada yako vinapauka kwenye baridi, ngozi ya mikono imekakamaa, na mtaani wameshaanza kunong'ona: huyu kasema ukoma, yule kasema mkono wa mtu. Na mimi niliambiwa hayohayo. Yangu ni skleroderma, ugonjwa wa kukakamaa ngozi.

Ni fundi cherehani, naishi Njombe, na baridi yetu ya Juni mnaijua. Nilikuwa nikiosha vyombo kwa maji ya bomba asubuhi, vidole vinakuwa vyeupe, vinageuka vya buluu, kisha damu ikirudi vinawasha kama vimepakwa pilipili. Kwa ngozi yetu nyeusi tazameni kwenye kiganja na kucha, ndiko inakoonekana. Baadaye pete ikagoma kutoka, ikakatwa kwa msumeno. Mdomo nao ukabana, hindi la kuchoma nalipukuchua kwanza ndipo nile. Kifuani vikatokea vidoa vyeupe, kama mtu kaninyunyizia chumvi.

Ukoma huua hisia. Kidonda changu cha ncha ya kidole kilikuwa hakigusiki, usiku silali. Skleroderma ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe, unatengeneza kolajeni (protini inayoshikilia ngozi) kupita kiasi. Haiambukizi, kuleni naye sahani moja.

Kosa langu: maumivu ya viungo yalipozidi nilikwenda duka la dawa, nikapewa prednisoloni, dawa ya steroidi, nikawa naongeza mwenyewe kila yanaporudi. Wiki chache baadaye kichwa kinapasuka, macho yana ukungu, presha 190 kwa 110, na mimi sijawahi kuwa na presha. Hospitali wakaniambia figo zimeshambuliwa. Dozi kubwa ya dawa zile huongeza hatari hiyo kwa wagonjwa wetu. Kaptoprili, dawa ya kushusha presha, walinianzishia siku ileile, ndiyo maana niko hai naandika hapa. Kwa hiyo kabla ya mafuta ya ngozi, nunueni kipimo cha presha. Namba ya juu ikipanda ghafla kama 30 zaidi ya kawaida yake, asisubiri kesho. Akianza kukosa pumzi kwenye kilima alichozoea, huenda ni mapafu, nayo yapimwe.

Dawa ya kuiondoa kabisa hakuna. Kwa vidole nimepewa nifedipini, dawa ya kupanua mishipa ya damu (siku za kwanza kichwa kiligonga), na najifunika kifua na tumbo, maana glavu peke yake haisaidii mwili ukiwa baridi. Asiote mikono kwenye jiko la mkaa, ataungua. Sigara marufuku. Kiungulia kilipungua nilipoweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani na kula mapema.

Mganga mlishampa hela, basi, yameisha. Tafuteni daktari wa ngozi au wa viungo. Mkiwa kaskazini, hospitali ya KCMC Moshi wana kituo cha kanda cha magonjwa ya ngozi. Na afute rangi ya kucha kabla ya kwenda: daktari wangu alichukua lenzi akakaa muda mrefu anatazama mishipa midogo kwenye mashina ya kucha, hata damu hajanitoa bado.