Petroli Itoe Ndani, Chukua Mafuta ya Kula

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi naprinti picha kwa kuchonga lino (shiti laini la linoliamu) na mbao, chumba kimoja tu hapa Mbagala, ndo studio ndo pa kulala na mke na mtoto. Wino ni wa mafuta, kusafisha natumia petroli maana inatoa chap. Siku hizi nikimaliza kazi kichwa kinagonga, mikono imepasuka, na mtoto anakohoa. Nimenunua barakoa ila harufu naisikia vilevile. Je, nihamie thina?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Thina hapana, na hiyo petroli itoe ndani leoleo, usingoje chupa iishe. Ina benzini, ambayo inaleta kansa ya damu, na barakoa ya kawaida haizuii mvuke, ndo maana harufu unaisikia. Tena mvuke wake ni mzito, unatulia chini sakafuni, hapohapo anapocheza mtoto na mnapowasha jiko! Na huyo mtoto mpelekeni hospitali, mwambieni daktari habari ya petroli.

Sasa dawa unayo jikoni, mafuta ya kula, hata yale ya kupima. Kwanza kwangua wino wote kwenye kioo unachosambazia wino kwa rola, tumia kisu cha putty, upake kwenye gazeti, halafu mwaga mafuta kama kijiko kimoja na upitishe rola humohumo, nenda rudi, utaona wino unalegea unakuwa kama uji, unafuta na tambara kavu, unarudia mpaka tambara litoke safi, ndo unamalizia na sabuni ya vyombo na maji kidogo. Hapo kwenye sabuni usiruke, mafuta yakibaki kwenye rola wino wa kesho haukauki, mi nimeshaharibu karatasi nzuri kwa uvivu huo. Bao la mbao ulilochonga usiliroweshe, lifute tu na tambara lenye mafuta kidogo kisha kavu. Na safisha siku hiyohiyo, wino ukishakauka mafuta hayauwezi.

Ni polepole kuliko petroli, kweli, kama dakika kumi zaidi, ila rola yenyewe itadumu maana petroli inavimbisha mpira.

Kitu kimoja nakuomba sana: matambara usiyarundike kwenye kona. Wino mwingi wa mafuta una mafuta ya kitani, yanapokauka yanatoa joto, rundo linaweza kuwaka lenyewe usiku mmelala. Yaloweke kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko, likae nje.