Saa za mwalimu wa urubani: uliza kabla ya kusaini

Mdogo wangu, umesema umepata leseni ya kufundisha urubani Marekani, chuo kinakutaka, na shemeji aliyebaki Tabora anauliza familia itapata muda gani. Mchache, hasa mwanzoni.

Sheria ya huko hairuhusu mwalimu kuruka na wanafunzi zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Lakini hizo ni za angani tu. Kumwelekeza mwanafunzi kabla ya kuruka, kukagua mafuta, kujaza kitabu chake, kusubiri ukungu uondoke, yote hayo yanakula siku, na vipo vyuo vinavyolipa injini ikiwaka tu. Hali ya hewa ikichafuka siku tatu, mfuko unabaki mtupu. Walimu wengi wanasaka saa 1,500 ili waajiriwe na mashirika ya ndege, kwa hiyo hawakatai safari hata wakiwa hoi. Hapo ndipo naogopa kwa ajili yako. Ukichoka, usiruke.

Uliza kama kuna mshahara wa msingi, kama saa za darasani zinalipwa, na kama siku ya mapumziko haiguswi. Majibu yawe kwa maandishi. Kisha zungumza na mwalimu anayefanya kazi hapo, bosi asiwepo.

Kuhusu shemeji: ukiwa majimbo ya mashariki, ukitoka kazini saa 12 jioni Tabora wamelala. Mpigie alfajiri kabla ya ndege ya kwanza. Kwao ni mchana, na mtoto yuko macho.