Maswali Yenu: London Chini ya Mabomu

Toleo lililopita tulieleza jinsi ndege za Ujerumani zilivyoanza kuipiga London tarehe 7 Septemba 1940, zikairudia karibu kila usiku kwa miezi miwili ya mwanzo, na mashambulizi makubwa yakaendelea hadi Mei 1941. Barua zimekuja nyingi. Tumechagua zile zinazouliza kazi yenyewe ilivyofanyika.

*Mliandika kwamba familia zililala uani ndani ya kibanda cha bati. Mimi ni fundi bati, na bati ninalouza hubonyea kwa embe tu. Bomu lingezuiwaje? (Fundi, Tanga)*

Halikuzuiwa, ndugu fundi. Bomu likitua juu ya kibanda chenyewe, waliomo wamekwisha. Ila mabomu mengi hutua pembeni, na hapo wanaoua ni wengine: wimbi la mlipuko, vipande vya chuma, na nyumba kuwaangukia watu wamelala.

Kibanda hicho kiliitwa Anderson, kwa jina la waziri Sir John Anderson. Kilikuwa na mabati 6 mazito ya migongo, yaliyopindwa na kufungwa kwa bolti juu kabisa, pamoja na ya kuziba mbele na nyuma. Urefu wake ulikuwa karibu mita 2, upana mita 1.4, kimo mita 1.8, kwa watu 6. Kilichimbiwa chini mita 1.2, kisha juu kikafunikwa udongo usiopungua sentimita 38. Siri ni huo udongo: ndio unaomeza vipande na kuvunja nguvu ya mlipuko, bati kazi yake ni kuushikilia. Aliyekuwa mvivu wa kuchota udongo alijenga banda la kuku. Kaya zenye kipato cha chini ya pauni 250 kwa mwaka zilipewa bure, wengine walilipa pauni 7.

Adui wake mkubwa alikuwa maji. Shimo la mita 1.2 kwenye udongo wa mfinyanzi wa London hujaa mvua ikinyesha, na majira ya baridi watu waliona heri wafie kitandani. Hesabu iliyofanywa jijini Novemba 1940 ilionyesha kwamba 27% tu ndio waliolala kwenye mahandaki ya nyumbani, 9% kwenye ya umma na 4% kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi. Waliobaki walikuwa majumbani mwao.

Ndiyo maana Machi 1941 ikaja Morrison, ya kuwekwa ndani ya nyumba: meza ya chuma yenye urefu wa mita 2, upana mita 1.2 na kimo sentimita 75, bamba la juu la milimita 3, pembeni wavu. Mchana familia ilikula chakula juu yake, usiku ikalala chini yake. Mhandisi John Baker hakuisanifu isipinde. Aliisanifu ipinde kwa kiasi, ili chuma kimeze nguvu ya ghorofa ya juu inayoporomoka badala ya kukatika ghafla. Hilo, kwa fundi, ni somo zuri kuliko la Anderson.

*Kwa nini bomu la moto halikumwagiwa ndoo ya maji? (Mwanafunzi, Morogoro)*

Bomu hilo lilikuwa dogo, la kilo 1, urefu wa sentimita 34 hivi, na yalimwagwa kwa makumi kutoka kwenye chombo kimoja. Ganda lake lilikuwa la aloi ya magneziamu, ndani lina thamaiti, unga unaowaka kwa joto kali sana, wa kuliwasha. Magneziamu inayowaka hunyang'anya maji oksijeni yake na kuachia haidrojeni, nayo huwaka. Ukimwaga ndoo nzima kwa mkupuo, chuma kilichoyeyuka hurushwa huku na huko, na badala ya moto mmoja unapata kumi.

Njia iliyofundishwa ilikuwa pampu ya ndoo: pampu ya mkono inayosimamishwa ndani ya ndoo, na nje ina kanyagio la kuishikiza kwa mguu. Mpira wake ulikuwa na urefu wa mita 9, na mdomo wenye njia mbili, mkondo na manyunyu. Watu walikuwa watatu: mmoja anashika mdomo akitambaa chini, maana hewa safi iko sakafuni, mmoja anapampu, mmoja analeta maji. Mkondo ulielekezwa kwenye samani na sakafu zinazoungua. Bomu lenyewe lilipewa manyunyu, ambayo hayalizimi bali hulifanya liungue upesi na kuisha. Likiachwa lilichukua kama dakika 10, muda wa kutosha kutoboa sakafu ya mbao na kuangukia chumba cha chini.

Asiye na pampu alitumia mchanga. Unakwenda na kiroba cha mchanga umekishika mbele ya uso, unakidondosha juu ya bomu, halafu unalizoa kwa koleo na kulitia kwenye ndoo ambayo chini yake tayari ina mchanga. Bila huo mchanga wa chini, ndoo inatoboka mkononi. Baadaye baadhi ya mabomu yaliwekewa baruti ya kulipuka baada ya muda, na kuyasogelea kukawa kamari.

Yote haya yalihitaji mtu awepo. Usiku wa Jumapili, 29 Desemba 1940, eneo la City, kitovu cha biashara cha London, lilikuwa na maofisi na maghala yaliyofungwa kwa kufuli na hayana mlinzi, mto Thames ulikuwa umekupwa sana, na mabomba makuu ya maji yamepasuka. Kanisa la St Paul's lilinusurika kwa sababu lilikuwa na zamu yake juu ya paa, lakini mitaa inayolizunguka iliteketea. Mwezi uliofuata serikali ikafanya zamu ya kulinda moto kuwa ya lazima.

*Nyumba ikiwa imelala chini yote, waokoaji walijuaje pa kuanzia? (Mwashi, Mwanza)*

Walianza kwa kuuliza, kabla ya kushika koleo. Kila mtaa ulikuwa na mlinzi wake wa kujitolea au wa mshahara, na kazi yake mojawapo ilikuwa kujua nani analala wapi: bibi yuko chini ya ngazi, watoto wako chumba cha nyuma, mpangaji wa juu kaenda zamu ya usiku. Taarifa hiyo moja iliokoa saa nyingi za kumchimbua mtu ambaye hayupo.

Vikosi vya uokoaji vilijaa watu wa kazi yako, ndugu mwashi, na maseremala. Sababu ni kwamba kifusi kina mpangilio. Nyumba za London za safu zilikuwa na kuta za matofali na sakafu za mbao. Ukuta mmoja ukianguka, sakafu huning'inia kutoka ukuta wa pili na kuacha uwazi wa pembetatu chini yake. Ikikatika katikati, uwazi unabaki pande zote mbili. Na ngazi ina tabia ya kusimama wakati vingine vyote vimelala. Huko ndiko walikotafutwa watu hai.

Waliokuwa juu juu walitolewa kwanza. Kisha wakafunga gesi na maji, jambo ambalo majirani wenye pupa hawakulikumbuka. Gesi ya majumbani wakati ule ilitengenezwa kwa makaa ya mawe na ilikuwa na monoksidi ya kaboni, hivyo mtu ambaye hakuumia popote chini ya kifusi angeweza kufa bila hata mchubuko. Maji nayo hujaza vyumba vya chini. Katika stesheni ya treni za chini ya ardhi ya Balham, ambako watu walijihifadhi, 14 Oktoba 1940, bomu lilipasua barabara na mabomba, maji na matope yakaingia hadi kwenye njia za treni. Walikufa watu zaidi ya 60.

Baada ya hapo ukimya: kila mtu anasimama, injini zinazimwa, mmoja anaita, kisha wote wanasikiliza sauti au mlio wa bomba linalogongwa. Wakachimba njia nyembamba, wakitegemeza kwa mbao hatua kwa hatua, kifusi kikipitishwa nyuma kwa vikapu kutoka mkono hadi mkono. Boriti iliyochomoza haikuvutwa hovyo, kwa kuwa huenda ndiyo iliyobeba kila kitu. Na hakuna aliyeruhusiwa kupanda juu ya lundo, hata baba wa mtoto aliye chini.

*Ni kweli kwamba mtu angetolewa anaongea vizuri, halafu afe baada ya siku chache? (Muuguzi, Dodoma)*

Ni kweli, dada, na London ndipo hali hiyo ilipoelezwa kwa makini. Machi 1941 madaktari Eric Bywaters na Desmond Beall walichapisha taarifa za wagonjwa waliobanwa mguu au mkono kwa saa kadhaa. Walifika hospitali wakiwa na hali nzuri, kiungo kimevimba na kufa ganzi. Baada ya muda shinikizo la damu likashuka. Wakaongezewa maji ya mwilini, wakatulia kidogo, kisha mkojo ukapungua na kuwa wa kahawia, figo zikagoma, na wengi wakafa ndani ya wiki moja hivi.

Unajua kisa chake: msuli uliokufa hubaki umefungiwa mradi uzito upo. Uzito ukiondolewa, sumu zake, pamoja na mayoglobini (protini ya msuli) na potasiamu, humwagika kwenye damu kwa pamoja. Kutokana na kazi hiyo ushauri ukawa kumpa majeruhi vinywaji vyenye soda ya kuokea kabla ya kuondoa uzito, ikiwa anaweza kumeza na hana jeraha la tumbo. Leo dripu ya chumvi huanza akiwa bado chini ya kifusi. Kwa hiyo muokoaji anayekimbilia kunyanyua zege kabla muuguzi hajafika anaweza kufanya madhara.

*Nimesikia watu 173 walikufa stesheni bila bomu kuanguka. Ilikuwaje? (Msomaji, Nairobi)*

Ni Bethnal Green, stesheni ya London iliyotumika kama handaki la umma, 3 Machi 1943. King'ora kililia, watu wakaelekea stesheni, na bustani ya jirani ikafyatua makombora mapya ya kutungulia ndege, yenye mlio usiozoeleka. Umati ukasukuma. Mlango ulikuwa mmoja, ngazi zimelowa mvua, taa moja hafifu, na katikati hapakuwa na reli ya kushika. Mwanamke mmoja mwenye mtoto alijikwaa karibu na chini, waliomfuata wakamwangukia. Kati ya waliokufa, 62 walikuwa watoto. Halmashauri ilikuwa imeomba ruhusa mapema ya kuimarisha mlango huo, ikanyimwa. Reli zilifungwa baada ya maafa.

*Mlio wa king'ora cha salama ukisikika, watu walirudi nyumbani moja kwa moja? (Msomaji, Malindi)*

Si lazima. Mlio wa kupanda na kushuka ulikuwa wa hatari, na mlio mmoja ulionyooka ulikuwa wa salama. Lakini mlio wa salama ulihusu ndege tu. Mtaa wenye bomu lililozama bila kulipuka ulifungwa kwa kamba, na wakazi wakahamishwa, kwa sababu baadhi yalikuwa na saa ndani iliyoweza kuchelewesha mlipuko hadi siku 3 hivi. Lile la St Paul's, lililoanguka 12 Septemba 1940, lilichimbwa kwa siku 3 na kikosi cha Luteni Robert Davies, likapakiwa kwenye lori na kwenda kulipuliwa kwenye uwanda wa Hackney Marshes. Mwenye nyumba katika mtaa uliofungwa alisubiri wanajeshi wamalize, na nguo alizovaa usiku ule mara nyingi ndizo pekee alizokuwa nazo.