Mtafiti wa tiba hapimwi kwa indeksi ya h peke yake: ninavyoandaa faili la nukuu na ushirikiano

Mkuu, umeuliza utajuaje kazi za mtafiti wa sayansi za tiba zinanukuliwa kiasi gani, anashirikiana na nani, na kama indeksi ya h, namba moja inayojumlisha wingi wa makala zake na zinavyonukuliwa, inatosha kuipelekea kamati ya kupandisha vyeo. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandaa mafaili ya aina hii, basi nakujibu kwa ninavyofanya. Indeksi ya h haitoshi, na mimi huiangalia mwishoni.

Naanza na jina. Hapa ndipo muda mwingi unakwenda, na ndipo wengi hawana subira. Mtu mmoja anaweza kuwa kwenye kanzidata kwa sura tatu: jina kamili, herufi za mwanzo na ubini, kisha jina la ndoa. Kinyume chake, ubini unaobebwa na watu wengi kama Wang au Kim unaweza kurundika kazi za watu kadhaa kwenye wasifu mmoja. Nimewahi kuletewa faili la daktari wa moyo lenye makala za uhandisi ndani yake, nazo zilikuwa zimeshahesabiwa. ORCID, iliyoanza mwaka 2012, humpa mtafiti namba ya tarakimu 16 isiyobadilika hata akihama taasisi au akibadili jina. Ikiwepo na imejazwa vizuri, shukuru. Isipokuwepo, chukua orodha ya machapisho aliyoiandika mwenyewe, uipitie makala moja moja kwenye PubMed, kanzidata ya bure ya makala za tiba, na zenye utata umuulize mwenyewe. Namba yoyote utakayoitoa kabla ya hatua hii haina thamani.

Halafu chagua chanzo kimoja. Google Scholar, Scopus na Web of Science, kanzidata zinazohesabu nukuu, hazitoi idadi sawa kwa mtu yuleyule, kwa kuwa hazikusanyi vitu sawa. Google Scholar hubeba hata tasnifu na miswada ambayo haijapitiwa na wataalamu, ndiyo maana kwa kawaida idadi yake huwa kubwa zaidi. Kama unalinganisha watu watatu, wote wapimwe kwa chanzo kimoja, na tarehe uliyochukua takwimu iandikwe.

Sasa hiyo h. Ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Ni rahisi kuielewa, na ndiyo sababu imependwa. Lakini haishuki hata mtu akiacha utafiti kabisa, kwa hiyo aliyeanza zamani anakuwa na faida ya miaka tu. Haijali fani pia. Anayechunguza saratani ana maelfu ya wenzake wa kumnukuu. Anayechunguza ugonjwa uliosahaulika ana wachache, hata kama kazi yake ni bora. Kuwaweka wawili hawa kwenye safu moja kwa kipimo cha h ni kumdhulumu wa pili, nami hukataa kufanya hivyo hata nikiagizwa.

Kwa makala zilizomo PubMed, ninachokiamini zaidi ni uwiano wa nukuu unaotolewa na iCite, huduma ya bure ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani zinazofadhili utafiti. Makala inalinganishwa na zile za eneo lake, na eneo hilo linatambuliwa kwa kuangalia ni makala zipi zinanukuliwa pamoja nayo. Ikipata 1.0, iko sawa na makala ya katikati kati ya zilizofadhiliwa na NIH; ikipata 2.0, inanukuliwa mara mbili ya hiyo. Huduma hiyohiyo hukuonyesha kama makala imeshanukuliwa na makala za kitabibu, jambo ambalo kwa mtafiti wa tiba ni zito kuliko jumla yoyote. Makala changa sana ziache kando, bado hazijapata muda wa kusomwa.

Na usisahau kwamba nukuu hazisemi kwa nini kazi imetajwa. Makala ya Lowry na wenzake ya 1951 imenukuliwa zaidi ya mara 300,000 kwa sababu inaeleza njia ya kupima protini ambayo maabara nyingi ziliitumia. Ile ya Wakefield ya 1998 kuhusu chanjo na usonji ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, na wengi wanaoitaja wanaitaja kuipinga. Zile chache zinazobeba jumla yote ya mtafiti wako, zifungue usome zinatajwa kwa lipi.

Ushirikiano ndio unaopimwa ovyo kuliko vyote. Watu huhesabu waandishi wenza, wakafurahia idadi. Lakini makala moja ya mradi wa kimataifa wa kukadiria mzigo wa magonjwa inaweza kuwa na mamia ya majina, na mtu akapata "washirika" wengi ambao hajawahi kuzungumza nao. Mimi huchora ramani mara mbili kwa VOSviewer, programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Leiden: kwanza kwa makala zote, kisha bila zile zenye orodha ndefu mno. Ramani ya pili ndiyo huniambia ukweli. Naangalia majina yanayojirudia mwaka hadi mwaka, kama ameshaanza kuchapisha bila msimamizi wake wa zamani, na kama ndiye anayeunganisha makundi mawili yasiyokutana bila yeye, mfano madaktari wa wodini na wanatakwimu.

Nafasi ya jina nayo ina maana. Katika fani hii, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi yenyewe, wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi. Inaniuma nikikuta mtafiti wa nchi maskini aliyesimamia wagonjwa na sampuli zote amekwama katikati ya orodha, makala baada ya makala, huku nafasi za mwanzo na mwisho zikienda kwa washirika wenye fedha. Jumla ya nukuu zake itapendeza, lakini ramani na nafasi zitakuonyesha hali halisi. Jarida likiwa linatumia CRediT, mfumo wa kutaja kila mwandishi alifanya lipi kati ya majukumu 14, soma nani ameandikiwa nini.

Kamati ikikuomba vipimo vya ubora wa majarida badala ya haya, ionyeshe tamko la DORA, lililoanzia kwenye mkutano wa wanabiolojia wa seli San Francisco mwaka 2012: linakataa kipimo cha jarida kutumika kumpimia mtu. Kisha mwombe mtafiti achague makala tano na aandike mistari michache kwa kila moja kueleza alifanya nini hasa. Maelezo hayo yatangulie kwenye faili, jedwali la namba lifuate nyuma yake.