Mwache Mwanafunzi Aisimulie Jana Yake

Wiki iliyopita kijana mmoja niliyemfundisha Kiingereza hapa Moshi aliniandikia: "Shikamoo mwalimu, nimepita." Alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro, mmoja wa wale wanaojiita wagumu, na sasa amepandishwa kuwa mwongoza watalii msaidizi. Kwa maelezo yake, swali lililowaangusha wenzake katika usaili halikuhusu majina ya ndege wala maua ya mlimani, ambayo wote walikuwa wameyakariri vizuri. Waliambiwa waeleze safari moja ambayo mgeni aliugua njiani, na wao wakachukua hatua gani. Yeye alieleza mwanzo hadi mwisho. Nimeshindwa kulinyamazia jambo hili, na kwa kuwa walimu wenzangu huniuliza mara kwa mara jinsi ninavyowafundisha wanaoanza kusimulia mambo yaliyopita, leo nitajibu kwa urefu.

Alipoanza kwangu, kijana huyo alisimulia hivi safari ya kutoka Horombo, mojawapo ya kambi za mlimani: "We left Horombo, we climb, the client start to vomit, we take him down." Mwalimu mwenye kalamu nyekundu ataona uvivu hapo, na mimi naona Kiswahili safi. Sisi husema tulitoka Horombo, tukapanda, mgeni akaanza kutapika, tukamshusha. Kitenzi cha kwanza kikishabeba "li", vinavyofuata huegemea juu yake kwa "ka", na msikilizaji hapotei. Katika Kiingereza kila kitenzi hujibebea wakati wake chenyewe, na mwanafunzi asiyeonyeshwa tofauti hiyo ataendelea kuisimulia jana kana kwamba inatokea leo, hata ukimsahihisha mwaka mzima.

Kwa hiyo somo langu la kwanza huanza kwa Kiswahili. Mwanafunzi husimulia tukio lake la kweli kwa sentensi tano tu, naliandika ubaoni kama alivyolisema, kisha darasa zima hupigia mstari kila "ka". Kila palipopigwa mstari panadai kitenzi chake cha Kiingereza cha wakati uliopita, bila kusamehewa hata kimoja. Baada ya hapo naufuta ubao, naye analisimulia upya kwa Kiingereza huku jirani yake akimsukuma kwa swali moja: "Then what happened?"

Njia hii ilinigharimu. Katika shule moja binafsi, mwalimu wa taaluma aliingia darasani kwangu akawakuta wanafunzi wakisimulia kwa Kiswahili, akaniambia mbele yao kwamba wazazi hawalipi ada ili watoto waje kupiga soga. Shule hiyo ilimvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuteleza na kusema Kiswahili, na mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa. Sijalisahau jambo hilo na sioni sababu ya kulisahau. Wanafunzi waliofundishwa kwa kibao hukutana nami sasa wakiwa watu wazima katika madarasa yangu ya jioni: wanaimba "go, went, gone" bila kukosea, lakini ukiwauliza walivyofika darasani wanatazama chini.

Jedwali lile la vitenzi la safu tatu, la akina "go, went, gone", mwalimu mwenzangu, lifungie kabatini. Anayeanza anahitaji vitenzi vya maisha yake, na bahati mbaya vingi kati ya hivyo ndivyo visivyofuata kanuni: went, came, saw, took, gave, said, ate, fell, slept. Avipate ndani ya tukio lake, kimoja kimoja, kadiri tukio linavyovidai. Mpishi wa mlimani atakihitaji "cooked" siku ya kwanza, na akikitamka "kukedi" usimkatishe, kwani ulimi wetu umezoea kufunga silabi kwa irabu na utajifunza taratibu. Akisema "I did not went", mkumbushe kwamba hata katika Kiswahili "nilikwenda" hukataliwa kwa "sikwenda", na ile "li" huondoka. Wanafunzi wangu wengi hucheka wakilisikia hilo, halafu hawarudii kosa kwa urahisi.

Jambo lisilovumilika kabisa ni saa. Mpagazi akiripoti kwamba mgeni alitapika saa mbili usiku, kisha akasema "at two at night", anayempokea mgonjwa huko chini ataelewa saa nane, na saa sita nzima za ugonjwa zitakuwa zimepotea katika maelezo. Mlimani, ambako uamuzi wa kumshusha mtu hutegemea ni tangu lini kichwa kinamuuma, hilo si kosa la sarufi tu. Kijana wangu alilijibu swali la usaili kwa "He vomited at eight in the evening", na ninaamini sentensi hiyo ilimsaidia kuliko maua yote.

Vipi kuhusu "have"? Iache kwanza. Vitabu vingi huilinganisha na "me" mapema mno, na kwa kuwa sisi husema bila wasiwasi kwamba nimemwona jana, mwanafunzi naye huandika "I have seen him yesterday". Ninasubiri hadi aweze kuisimulia siku yake nzima, ndipo ninapoleta swali ambalo wageni huwauliza waongozaji kila safari: "How many times have you been to the top?" Hapo "have" inastahili, kwa sababu anayeuliza hataki tarehe. Lakini mwanafunzi akitaja mwaka aliofika kilele cha Uhuru, mita 5,895, anarudi kwenye "went" na "reached" palepale. Wakilizungumza hilo wawili wawili kwa jioni chache, mpaka kati ya nyakati hizo mbili huanza kuonekana bila mhadhara wowote.

Na usimkatize anayesimulia. Andika makosa yake pembeni, umpe baadaye. Kesho ukiingia darasani, muulize aliyechelewa ni nini kilichompata njiani, halafu keti umsikilize mpaka amalize.